Kiti Kimoja, Mpinzani Mmoja: Omaha na Swali la Mgombea Anayeuzika

Tangu Zohran Mamdani achaguliwe kuwa meya wa New York tarehe 4 Novemba 2025, ubishi wa siasa za Marekani umehamia hadi huku kwetu. Haishangazi. Mtu mwenyewe amezaliwa Kampala, na baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, amefundisha Dar es Salaam na Makerere. Kwa hiyo kila kijiwe kimepata mchambuzi wake, na wengi wamefikia hukumu moja: chama cha Democratic kilikuwa kinajidanganya miaka yote, mgombea wa mrengo wa kushoto ndiye anayeuzika, na hao wa katikati wanaopendwa na vigogo wa chama ndio wanaokizamisha.

Wanaobisha nao wana ushahidi wa usiku ule ule. Abigail Spanberger kule Virginia na Mikie Sherrill kule New Jersey, wote wawili wa mrengo wa kati, walitwaa ugavana kwa tofauti kubwa kuliko ile ya pointi 9 hivi ambayo Mamdani alimwacha nayo Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa New York. Kila upande umerudi nyumbani na mshindi wake wa kutamba naye.

Mimi naona New York haiwezi kulijibu swali hili. Kamala Harris, aliyeshindwa urais mwaka 2024, ndani ya jiji lile alishinda kwa zaidi ya pointi 35. Mteule wa Democratic pale, awe wa kushoto au wa kati, hana kazi kubwa ya kuwashawishi watu wa chama kingine. Swali la nani anauzika lina maana pale ambapo vyama vinakaribiana, na lingekuwa na maana zaidi kama tungepata mahali ambapo mpinzani habadiliki, ila wagombea wa Democratic ndio wanaobadilishwa, leo wa kati, kesho wa kushoto, keshokutwa wa kati tena. Mahali hapo papo. Ni Omaha, Nebraska, na mpinzani huyo ni Don Bacon wa Republican, aliyeshinda ubunge mara tano.

Mji wa bima

Nebraska ni jimbo la mahindi na ng'ombe, na katika siasa ni ngome ya Republican. Ina wabunge watatu tu katika Baraza la Wawakilishi. Eneobunge la pili ndilo la Omaha: Kaunti nzima ya Douglas, sehemu ya Kaunti ya Sarpy iliyo kusini yake, na tangu mipaka ichorwe upya mwaka 2021, Kaunti ya Saunders ambayo ni ya mashamba na ya Republican. Nebraska na Maine ndiyo majimbo pekee yanayogawa kwa maeneobunge baadhi ya kura zake za wajumbe wanaomchagua rais, kwa hiyo Omaha ina kura yake yenyewe. Barack Obama aliichukua mwaka 2008, Joe Biden mwaka 2020, Kamala Harris mwaka 2024. Mwaka huo wa 2024 watu walisimika mbele ya nyumba zao vibao vyeupe vyenye duara moja la buluu, bila jina la mgombea wala neno lolote, na kila jirani alielewa: buluu ni rangi ya Democratic, na Omaha ni nukta yao ndani ya jimbo la Republican.

Mji wenyewe umegawanyika kwa namna ambayo mtu wa Nairobi au Dar haimpi shida kuielewa. Kaskazini wanaishi Wamarekani weusi. Malcolm X alizaliwa Omaha mwaka 1925. Kusini ni viwanda vya nyama na familia za Kilatino. Omaha pia ina mojawapo ya jumuiya kubwa za Wasudan Kusini nchini Marekani, na wengi wao walipitia kambi ya Kakuma kule Turkana kabla ya kufika huko. Magharibi ni vitongoji vipya vya watu wa kipato cha kati na cha juu, na huko ndiko uchaguzi unakoamuliwa, kwa sababu huko ndiko anakopatikana yule mpiga kura anayempa Biden urais halafu akishuka chini ya karatasi anampa Republican ubunge.

Tena ni mji wa bima. Makao makuu ya Mutual of Omaha yako pale. Berkshire Hathaway ya Warren Buffett, ambayo nguvu yake kubwa imetokana na kampuni za bima, iko pale. Kuna maelfu ya familia ambazo mshahara wao wa mwezi unatoka kwenye biashara hiyo.

Kabla ya Bacon

Mwaka 2008 Obama alilishinda eneobunge hili kwa pointi moja na kidogo, lakini mgombea ubunge wa chama chake, Jim Esch, alishindwa na Lee Terry, mbunge wa Republican, kwa karibu pointi 4. Mwaka 2012 Mitt Romney, mgombea urais wa Republican, alimshinda Obama hapa kwa pointi 7, na bado John Ewing, mweka hazina wa Kaunti ya Douglas na aliyewahi kuwa naibu mkuu wa polisi wa Omaha, alimkaribia Terry kwa pointi 1.6. Mkumbuke Ewing, atarudi.

Mwaka 2014 ulikuwa mbaya sana kwa Democratic nchi nzima, lakini Omaha ilikwenda kinyume na upepo. Sehemu ya maelezo ni Terry mwenyewe. Oktoba 2013, serikali ilipofungwa kwa ugomvi wa bajeti na watumishi wa umma wakawa hawalipwi, Terry aliulizwa kama ataendelea kuchukua mshahara wake. Akajibu kwamba ataendelea, kwa kuwa ana nyumba nzuri na mtoto chuoni. Hakuna timu ya kampeni inayoweza kusafisha jibu kama lile. Brad Ashford, aliyewahi kuwa Republican na kisha kugombea umeya bila chama kabla ya kurudi Democratic, alimwondoa kwa zaidi kidogo ya pointi 3. Ukitafuta picha ya mgombea wa katikati, huwezi kupata iliyo wazi kuliko Ashford.

Miaka miwili baadaye akaja Don Bacon.

Mara tano

Bacon ni brigedia jenerali mstaafu wa Jeshi la Anga, aliyewahi kuongoza Kikosi cha 55 katika kambi ya Offutt, kusini kidogo ya Omaha. Mwaka 2016 alimng'oa Ashford kwa pointi 1.2, kura kama 3,500. Donald Trump alilishinda eneobunge kwa pointi 2 hivi siku hiyo hiyo, maana yake Ashford alifanya vizuri kidogo kuliko Hillary Clinton, ila haikutosha.

Mwaka 2018 Ashford alitaka kurudi. Kamati ya Democratic inayoshughulikia kampeni za wabunge ilimweka kwenye orodha ya wagombea wanaostahili kusaidiwa hata kabla ya kura ya mchujo kupigwa. Aliyemkabili alikuwa Kara Eastman, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekuwa akiongoza shirika la kupambana na sumu majumbani mwa watoto. Hilo si jambo dogo Omaha: mashariki mwa mji, kiwanda cha kuyeyusha madini kilichofungwa mwaka 1997 kiliacha udongo wa viwanja vya nyumba umejaa madini ya risasi yenye sumu, na serikali kuu imekuwa ikiusafisha kwa miaka. Eastman alizijua nyumba hizo. Alisimama kwa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ipanuliwe kwa kila raia, chuo cha umma bila ada kwa familia nyingi, sheria kali za silaha, na alikataa kuomba radhi kwa lolote kati ya hayo. Mei 15 alimshinda Ashford kwa kura zisizofika 1,500.

Wachambuzi wa Washington hawakulala. Uchaguzi waliokuwa wameuandika kuwa nusu kwa nusu wakauhamishia upande wa Republican. Wafuasi wa Eastman walikasirika, na nadhani walikuwa na haki ya kukasirika: mtu ameshinda kura, unamwambia hafai hata hajaanza kampeni yenyewe? Lakini Novemba ilipofika Bacon alipata asilimia 51, Eastman 49. Kura chini ya 5,000. Kumbuka kwamba huo ndio mwaka ambao Democratic walishinda kura za Baraza la Wawakilishi kwa zaidi ya pointi 8 nchi nzima na kunyakua viti 40 hivi.

Mwaka 2020 Eastman alirudi. Katika mchujo alimshinda kwa urahisi Ann Ashford, mke wa Brad, na safari hii kamati ya chama ilikuwa upande wake. Pesa zikaja. Matangazo ya televisheni yakaja kutoka pande zote mbili. Joe Lieberman, aliyewahi kuwa mgombea mwenza wa urais wa Democratic, akamuunga mkono Bacon. Matokeo: Biden alilishinda eneobunge kwa pointi 6.5, na Eastman akalipoteza kwa pointi 4.6, siku ile ile, kwenye karatasi ile ile. Zaidi ya pointi 11 zilipotea kati ya mstari wa juu na mstari wa chini.

Mwaka 2022 chama kikambadilisha mgombea. Tony Vargas, mwana wa wahamiaji kutoka Peru, mwalimu wa zamani, mjumbe wa zamani wa bodi ya shule za Omaha na seneta wa jimbo, hakuwa mtu wa kushoto wala hakuwa Ashford. Alikuwa mwanachama wa kawaida wa Democratic mwenye rekodi ya kushughulika na bajeti. Akashindwa kwa pointi 2.6. Mwaka 2024 akarudi. Harris akalishinda eneobunge kwa pointi 4.6, Vargas akashindwa kwa 1.8.

Hayo ndiyo matokeo. Bacon tano, Democratic sufuri. Mpenda mageuzi, yaani Eastman wa mrengo wa kushoto, alishindwa mara mbili, wa kati na wa kawaida walishindwa mara tatu. Mtu mvivu angeishia hapo na kusema hakuna tofauti.

Hesabu

Tofauti ipo, ila inatakiwa kutafutwa, maana miaka haikuwa sawa. Mwaka 2018 upepo ulikuwa wa Democratic kwa nguvu. Mwaka 2022 ulikuwa wa Republican, walioshinda kura za Baraza nchi nzima kwa karibu pointi 3. Kutoka 2018 hadi 2022 nchi ilihama zaidi ya pointi 11 kwenda kulia, lakini Omaha matokeo yalisogea kwa nusu pointi tu. Eastman aliogelea na mkondo, Vargas aliogelea dhidi yake, wakafika karibu mahali pamoja.

Nimejaribu kukadiria kwa njia nyepesi: uchukue jinsi eneobunge lilivyopiga kura ya urais ukilinganisha na nchi nzima, uongeze upepo wa mwaka husika, upate matokeo yanayotarajiwa, kisha uone mgombea amepungukiwa kiasi gani. Kwa hesabu hiyo Eastman alipungukiwa pointi kama 6 mwaka 2018 na, ukimpima na Biden, 11 mwaka 2020. Vargas alipungukiwa kama 2 mwaka 2022 na, ukimpima na Harris, zaidi kidogo ya 6 mwaka 2024. Mwaka wa ubunge pekee kwa mwaka wa ubunge pekee, mwaka wa urais kwa mwaka wa urais, pengo kati yao ni pointi 4 hadi 5. Ni hesabu ya kalamu na karatasi, siitetei hadi desimali, na mipaka ya 2021 inaitikisa kidogo. Lakini mwelekeo wake hauna utata, na katika kiti kinachoamuliwa kwa pointi mbili, pointi 4 ni kiti chenyewe.

Tazama pia ng'ambo ya mto. Mto Missouri unaitenganisha Omaha na Council Bluffs, mji wa Iowa ambao watu wake huangalia vituo vile vile vya televisheni. Huko, mwaka 2018, mgombea wa kati Cindy Axne alimwondoa mbunge wa Republican kwa pointi kama 2, na mwaka 2020 akakilinda kiti chake ingawa Trump alilishinda eneobunge hilo kwa wembamba wa unywele. Upande wa mashariki wa mto Biden alishindwa lakini mbunge wa chama chake akashinda. Upande wa magharibi Biden alishinda kwa raha na mgombea wake akashindwa. Kusini zaidi, Kansas, mchujo wa 2018 ulikuwa na sura kama ya Omaha: Brent Welder, aliyeungwa mkono na Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, dhidi ya Sharice Davids wa mrengo wa kati. Kule Davids alishinda mchujo, na Novemba akamshinda mbunge wa Republican kwa karibu pointi 10.

Wasomi nao wameligusa hili. Andrew Hall wa Stanford alichunguza chaguzi za Baraza la Wawakilishi kati ya 1980 na 2010 ambazo mgombea wa pembeni alimshinda wa kati kwa kura chache katika mchujo, na akakuta chama kilipoteza wastani wa asilimia 9 hadi 13 ya kura katika uchaguzi mkuu. Ni adhabu kubwa mno kwa siasa za leo, ambapo watu wanapiga kura kwa chama karibu kwa kufumba macho. Sidhani inafika huko tena. Kilichonivutia zaidi ni kazi yake ya baadaye akiwa na Daniel Thompson, iliyoonyesha adhabu hiyo inavyotokea. Hoja ya wapenda mageuzi siku zote ni kwamba mgombea wao atawaamsha waliokata tamaa. Takwimu zao zilionyesha kwamba anayeamka zaidi ni wa upande wa pili. Mgombea wa pembeni huwatoa nyumbani wafuasi wa mpinzani wake.

Hapo ndipo bima inaporudi. Ukisimama Omaha ukasema kila raia apewe Medicare, kuna wanaosikia kwamba mama yao ataacha kuchagua kati ya dawa na kodi ya nyumba. Kuna pia anayesikia kwamba ofisi anayoingia kila asubuhi itafungwa. Timu ya Bacon haikuhitaji akili nyingi: ilirudia tu kwamba Eastman anataka kuifuta bima binafsi, tena mwaka baada ya mwaka, mbele ya watu ambao baadhi yao ndio wanaoiuza. Ajenda ile ile kule Bronx, New York, haimgusi mtu mfukoni kwa namna hiyo. Nashangaa jinsi wachambuzi wengi wanavyoizungumzia ajenda ya kushoto kana kwamba ina uzito uleule kila inapopelekwa.

Utetezi wa Eastman

Bado kuna mambo ya kumtetea, na baadhi ni mazito.

Kwanza, mwaka 2020 wagombea ubunge wa Democratic walipigwa karibu kila mahali wakilinganishwa na Biden. Chama kilishinda urais huku kikipoteza viti zaidi ya kumi vya Baraza. Walioanguka hawakuwa wa kushoto: Max Rose wa Staten Island, Kendra Horn wa Oklahoma, Joe Cunningham wa Carolina Kusini, Xochitl Torres Small wa New Mexico, wote walijinadi kama watu wa katikati. Watu wengi wa vitongojini walikuwa wamemchoka Trump peke yake, hawakuwa wamekichoka chama chake. Kwa hiyo sehemu ya zile pointi 11 si deni la Eastman. Halafu nguvu yake ya 2018 ilikuwa kugonga milango, na mwaka wa korona Democratic sehemu nyingi waliacha kugonga milango.

Pili, sera zenyewe. Siku ile ile ya Novemba 2018 ambayo Eastman alishindwa, wananchi wa Nebraska nzima, jimbo la Trump, walipitisha kwa kura zao wenyewe upanuzi wa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Mwaka 2020 walipitisha kikomo cha riba ya asilimia 36 kwa mikopo ya mshahara, kwa zaidi ya asilimia 80. Mwaka 2022 wakapandisha kima cha chini cha mshahara kwa hatua hadi dola 15 kwa saa. Mwaka 2024 wakapitisha likizo ya ugonjwa yenye malipo, karibu robo tatu ya kura. Ukizisoma hizo bila kujua zimetoka wapi, ungedhani ni ilani ya wajamaa wa Scandinavia.

Na mwaka huo huo wa 2024, Dan Osborn, fundi mitambo aliyeongoza mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha Kellogg's Omaha mwaka 2021, aligombea useneta bila chama chochote. Alimsogelea Deb Fischer, seneta wa Republican, kwa chini ya pointi 7 katika jimbo ambalo Trump alilishinda kwa 20. Osborn alisema mengi ambayo Sanders angeyasema kuhusu mashirika makubwa na wafanyakazi, lakini hakubeba nembo ya Democratic, na kuhusu mpaka na silaha hakusikika kama mtu wa Brooklyn. Tukimpima kwa umbali kati yake na mgombea urais wa Democratic, amewazidi Ashford, Eastman na Vargas.

Kwa hiyo mkazi wa Nebraska hana ugomvi na mshahara mzuri wala na matibabu. Ugomvi wake uko kwenye kifurushi kizima: nani ameungana na nani, anazungumza lugha ya nani, na akifika Washington atakaa meza gani. Eastman aliuza kifurushi kizima kwa fahari, kwa kuwa alikiamini. Namheshimu kwa hilo kuliko ninavyomheshimu mgombea anayekibeba kifurushi hicho hicho kwa kificho.

Kati ina mwenyewe

Lakini swali linalowasumbua vigogo ni hili: kama wa kati ni bora kwa pointi 4, mbona Vargas hakushinda? Mbona Ashford alishindwa?

Kwa maoni yangu jibu liko kwa Bacon. Huyu alipiga kura nyingi pamoja na Trump, alipinga kumshtaki bungeni mara zote mbili, na kuhusu utoaji mimba hana tofauti na wenzake. Lakini aliweka alama chache kubwa, zinazoonekana kutoka mbali. Mwaka 2020 alishirikiana na Anthony Brown wa Democratic kutaka majina ya majenerali wa Kusini walioasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe yafutwe kwenye kambi za jeshi. Novemba 2021 alikuwa mmoja wa Republican 13 wa Baraza waliopitisha sheria ya miundombinu ya Biden. Trump akamshambulia hadharani. Oktoba 2023 alikataa kumpigia Jim Jordan, mshirika wa Trump, kura ya uspika, na mke wake akaanza kupokea jumbe za vitisho kwenye simu kutoka kwa watu wasiojitambulisha. Mwaka 2024 chama chake mwenyewe cha jimbo kilimuunga mkono mpinzani wake, Dan Frei, katika mchujo.

Kila moja ya mambo hayo ilikuwa ni tangazo la bure magharibi mwa Omaha. Mpiga kura anayetaka mtu asiye mtumwa wa Trump hakulazimika kuvuka kwenda Democratic, aliyekuwepo alimtosha. Vargas alipojaribu kuuza utulivu na ushirikiano, alikuta bidhaa hiyo imeshauzwa na mwenye duka amejulikana kwa miaka sita. Na Eastman, ambaye angalau aliuza kitu kingine, alikiuza kwa wateja ambao wengi wao hawakukitaka. Njia zote mbili zilikuwa zimezibwa, moja zaidi ya nyingine.

Ashford wa 2014 alipata mwanya kwa sababu Terry aliuachia. Davids na Axne nao waliwakuta wapinzani ambao hawakuwa wamejijengea jina la kujitenga na rais wao. Kuwa mtu wa katikati kunalipa sana pale mpinzani anapoiacha kati wazi, na kunalipa kidogo pale anapokaa yeye mwenyewe. Kuwa mtu wa kushoto katika eneobunge la nusu kwa nusu kuna gharama karibu kila mahali, kubwa au ndogo, na mgombea anayeamua kuilipa inabidi awe na kitu cha kufidia: mpinzani aliyechafuka, jina la nyumbani, au upepo mkali kuliko ule wa 2018. Eastman hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Mei 2025 Omaha ilichagua meya. Jean Stothert wa Republican, aliyekuwa akitafuta muhula wa nne, alitumia siku za mwisho kumwandama mpinzani wake kwa suala la watu waliobadili jinsia na vyoo. Democratic wa Nebraska wakajibu kwa kijembe kwamba Jean anashughulika na vyoo na John anashughulika na mashimo ya barabarani. John huyo ni John Ewing, yule wa 2012. Alishinda kwa zaidi ya pointi 10, meya mweusi wa kwanza kuchaguliwa Omaha. Mtu ni yule yule, siasa zake ni zile zile za katikati, na aliyeshindwa mwaka 2012 ndiye huyo aliyeshinda mwaka 2025. Safari hii mpinzani wake ndiye aliyeondoka katikati na kumwachia mashimo yote ya barabara.

Juni 30, 2025 Bacon alitangaza kwamba hatagombea tena mwaka 2026. Anayetaka kukadiria kitakachotokea kwenye kiti hicho asianze na mchujo wa Democratic na ugomvi wake wa nani ni wa kushoto kiasi gani. Aanze na mteule wa Republican, aone kama ana lolote ambalo Trump amewahi kumkasirikia.